Nywele za Bibi Harusi

Palikuwa na msusi huko Tanga, Mwanamkasi, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja alikuwa amemkalisha Zulfa, bibi harusi, na fungu moja tu la nywele za kuunganisha, za kufika kiunoni, mara akaingia Bi Shadya, mwenye nyumba aliyompangisha chumba cha kusukia.

"Hizo nazitaka mimi, harusini leo," alisema. "Ukikataa, nirudishie ufunguo wa chumba changu."

Zulfa alilengwalengwa na machozi. Mwanamkasi alitabasamu.

"Ni zako, Bi Shadya. Tuziunganishe vipi?"

"Vyovyote, bora zisitoke."

"Basi tujaribu kwenye kichwa cha huyu, wewe uvute."

Bi Shadya alilipenda hilo. Mwanamkasi akabana kipande kwa klipu. Bi Shadya akavuta, kikamjia mkononi. Cha gundi kilivumilia kidogo, nacho kikatoka. Ndipo Mwanamkasi akasuka mistari, akaanza kushonea kwa sindano na uzi.

"Mbona unashonea zote?"

"Kipande kimoja hakina uzito wa kupimia."

Akashona huku akimsimulia Bi Shadya habari za mtaa, hata adhuhuri ikapita. Bi Shadya akavuta kwa mikono miwili. Zulfa aliyumba na kiti chake, nywele zisitoke.

"Hii ndiyo. Sasa mfumue, unishonee mimi."

"Kufumua ni mpaka magharibi," alisema Mwanamkasi. "Na harusi ni alasiri."

Zulfa alikuwa ameshafika mlangoni. Bi Shadya akajitazama kwenye kioo, kisha akauliza kwa upole kama kuna nywele za kuunganisha zilizobaki, hata fupi za kufika mabegani.