Siku Subilaga Alipomtaja Mkwewe

“Mwite simba simba, mkwe atasamehe.” Mmeisikia kwa mama yenu asubuhi hii mkacheka, mkadhani anatania, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo binti wa Kinyakyusa, jina lake Subilaga, wa kule Rungwe ambako mvua haipiti, inahamia. Kijana wa Kihehe, Kihwele, alipanda huko kuuza chumvi. Mvua ikamfungia barazani kwa kina Subilaga, na kila alipofunga mzigo ikaanza upya. Ilipokatika, hakutaka tena kuondoka peke yake. Ndugu wa pande zote wakaguna: mtoto wa migombani ataishije porini? Lakini hao wawili hawakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wakaoana, wakaenda kufungua shamba ng'ambo ya Ruaha, mahali ambapo jirani wa karibu alikuwa twiga.

Subilaga alijifunza yote ya pori, hata kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Jambo moja tu hakuliacha. Kwao mke hamtazami baba mkwe wala halitamki jina lake. Akilitamka, aliamini, huenda asipate mtoto kamwe. Na mkwe wake, masikini, aliitwa Mzee Simba. Mzee akija kuwatembelea, Subilaga anajifunika nguo, huyo, anatimkia vichakani. Kihwele alicheka mpaka akashika mbavu. Hata mnyama mwenyewe Subilaga alimwita “yule wa jina la baba”.

Jioni moja, jua lingali juu, Kihwele alikuwa akimalizia ua wa miiba, kazipa nyasi mgongo. Mzee alikuwa ametuma salamu kwamba yu njiani. Subilaga alikuwa akisonga ugali. Akainua macho, akaona nyasi zinagawanyika na kichwa kikubwa kinachomoza nyuma ya mumewe. Akataka kusema “yule wa jina la baba”, lakini kwa haraka likatoka “baba” tu.

“Baba! Kihwele, baba anakuja!”

“Mkaribishe,” akajibu Kihwele bila kugeuka. “Na leo usikimbie, mke wangu. Baba haumi.”

“Huyu anauma!”

“Kwa meno gani? Amebakiwa na mawili.”

Mnyama akajikunyata, tayari kuruka. Subilaga akamfikiria mtoto ambaye huenda asimzae, akamtazama mume aliyekuwa akimpoteza hapo hapo machoni pake. Akachagua.

“Simba!” akapaza sauti. “Simba nyuma yako! Simba!”

Kihwele akajitupa chini na kuivuta miiba juu yake. Subilaga akarusha kijinga cha moto, akarusha mwiko, kisha akanyanyua chungu na kukitupa pamoja na ugali uliokuwa ukitokota. Ugali ndio uliomshinda mnyama. Ulimnata puani, akageuka na kurudi nyasini akipiga chafya.

Kihwele akatambaa kutoka miibani, nguo zimechanika, anacheka. Mkewe alikuwa analia.

“Nimemtaja baba yako,” akasema. “Tena kwa kelele. Basi, hatutazaa.”

Mzee Simba akawakuta papo hapo, hata Subilaga hakuwahi kukimbia. Akasimuliwa. Mzee huyu aliyezoea kuzicheka desturi za Rungwe, safari hii hakucheka. Alimgeuzia mkamwana wake mgongo, ili Subilaga asilazimike kumtazama usoni, akazungumza na mwanawe kwa sauti ya kusikika.

“Mwambie mwenzako hivi. Angeninyamazia kwa heshima, leo ningeikuta heshima, nisimkute mwana. Mwite simba simba. Mkwe ameshasamehe.”

Kisha akauliza kama kuna ugali. Hakukuwa na ugali.

Mwaka uliofuata Subilaga alijifungua mtoto wa kiume. Kwa Wahehe wale mjukuu hurithi jina la babu, na mama hana njia ya kulikwepa. Kwa hiyo kutwa nzima pori lile lilimsikia akiita kwa furaha: “Simba, njoo ule! Simba, shuka mtini!” Na babu mtu, akiwa kwenye kigoda chake, alikuwa akiitika kwa makusudi.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, ukiona mwenzio anajiwa na hatari, usisimame ukamtafutia neno la adabu. Mwite simba simba, mkwe atasamehe.