Bwana wa Kauri wa Mzee Hemedi

"Uzuri wa sanamu, uulize mgongo."

Mama Mbwana aliyasema hayo huku akiigeuza simu ya Salha. Alikuwa ameonyeshwa picha ya kijana wa Lushoto aliyevaa suti, ambaye Salha alisema yuko tayari kuolewa naye kabla ya mfungo. Mama Mbwana aliitazama picha, akaigeuza simu akaitazama na nyuma, kisha akamrudishia mwenyewe pamoja na methali yake. Wasichana waliokuwa wakijifunza ushonaji kwake wakacheka mpaka vyerehani vikasimama. Tumu, aliyekuwa karibu na mlango, akauliza methali hiyo imetoka wapi, maana kwao Muheza hawajapata kuisikia.

Mama Mbwana alikata uzi kwa meno, akaitua nguo mapajani.

"Methali hii ilianza hivi," akasema.

Hapa hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili, aliishi karani wa reli aliyeitwa Mzee Hemedi Shekue. Siku zile Wagiriki wenye mashamba ya mkonge walikuwa wakifunga virago kurudi kwao, na vyombo vya majumbani mwao vikipigwa mnada. Watu wenye akili zao walikwenda mnadani wakarudi na vitanda na majokofu. Mzee Hemedi alirudi na mwanamke wa kauri, kimo chake hakizidi shubiri, gauni lake limefura kama kitumbua. Mkewe, Bi Zaituni, alimuuliza kama huyo mgeni atapika au atafua. Mzee Hemedi akajibu kwamba atatazamwa.

Maradhi yake yakaanzia hapo. Kila mnada uliotangazwa alikuwepo, na kila aliporudi alikuwa na sanamu nyingine ya kikale kutoka Ulaya: mchunga kondoo aliyepakata mwanakondoo, mzee wa kupiga fidla, msichana na kikapu chake cha maua. Alizipanga katika mashubaka ya ukuta wa sebuleni, nyuso zikiwatazama wageni na migongo ikielekea ukutani. Uchaguzi wake ulikuwa na utaratibu. Kwanza aliutazama uso, kwani alisema uso ukichorwa ovyo basi sanamu nzima ni ovyo. Kisha aliipindua aione alama ya buluu chini ya kitako, ambayo ndiyo saini ya kiwanda. Vikiwa sawa hivyo viwili, alikuwa ameshanunua. Kazi ya kuzipangusa vumbi hakuifanya yeye. Hiyo alimwachia bintiye, Riziki.

Lakini yule bibi wa kwanza alimtia simanzi. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mkono wa kulia kaunyoosha mbele, tayari kwa dansi, na wa kucheza naye hayupo. Alikuwa nusu ya jozi. Bwana wake alikuwa amepotea zamani, pengine hata kabla Mgiriki hajapanda meli kuja huku. Mzee Hemedi kila akiketi kula aliuona ule mkono uliobaki hewani, na chakula kilimshuka vibaya. Aliwaambia madalali wote na marafiki zake wote, hata muuza kahawa alijua. Mji mzima ukafahamu Mzee Hemedi anatafuta nini, na mtu akishajua unachokitafuta amekwisha kuujua mlango wa kukuingilia.

Aliyeingia ni Fikirini, kijana wa Pangani aliyeuza vitu vya kale. Alikuwa mtanashati, mwepesi wa salamu, kanzu yake haina kunyanzi hata jua la saa saba. Alikuwa amemwona Riziki arusini akampenda. Basi siku moja alibisha hodi akiwa na kisanduku, na ndani yake, juu ya pamba, alilala bwana wa kauri mwenye koti refu, mkono wa kushoto kaunyoosha.

Mzee Hemedi hakukishika mara moja. Aliifuta mikono yake kwenye kanzu kwanza.

"Mzima huyu?" aliuliza.

"Mzima, mzee wangu. Wallahi hajapata kuguswa na gundi."

Mzee Hemedi aliutazama uso, ukawa uso hasa. Akaitazama alama chini ya miguu, ikawa ile ile ya bibi. Akamweka shubakani na kumsogeza polepole mpaka vidole vikakutana. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

Fikirini akaleta posa wiki ile ile. Sasa, wanangu, mnajua desturi yetu. Posa ikija haijibiwi siku hiyo. Wenye mtoto huomba muda, wakamtuma mtu kimyakimya huko kwao mwanamume, akaulize majirani: huyu ni nani, anaishi na watu vipi, ameacha nini nyuma yake. Bi Zaituni alimkumbusha mumewe. Alitaka kaka yake aende Pangani.

"Akaulize nini?" alisema Mzee Hemedi. "Kijana kamtafuta bwana huyu mpaka kampata. Utu wake si ule pale shubakani?"

Riziki alipoulizwa aliinamisha kichwa, akasema baba akiridhika naye ameridhika. Mzee Hemedi akakuhesabu kuinama kule kuwa haya ya mwari. Wazee wa Fikirini wakaambiwa waje kuchukua jibu Ijumaa, baada ya sala.

Ijumaa hiyo mama yake Bi Zaituni, Bi Mwanatumu, alikuwa ameshafika kutoka Tongoni. Mzee Hemedi hakumwogopa bosi wake wa reli kama alivyomwogopa mama mkwe huyu. Bi Mwanatumu hakutaka kusali mbele ya sanamu zinazomtolea macho, na zamani nusura jambo hilo livunje udugu. Mapatano yao yalikuwa kwamba kila akija, mashubaka yafunikwe kwa kanga kubwa iliyowekwa kwa kazi hiyo tu. Masheikh watakuwa na lao la kusema, ila nyumba ile ilipata amani kwa njia hiyo.

Siku ile kanga ilikuwa uani kwenye kamba, mbichi, inachuruzika maji chini ya jua kali. Adhuhuri imeingia na bibi ameshatawadha. Riziki akafanya la kufanya: akazigeuza sanamu moja moja, nyuso zikaelekea ukutani. Bi Mwanatumu akasali sala yake kwa utulivu.

Mzee Hemedi alirudi kutoka msikitini akiharakisha, maana wazee wa Fikirini walikuwa njiani. Alipoingia sebuleni alisimama. Tangu aanze kukusanya sanamu hakuwahi kuitazama migongo yao. Mchunga kondoo alikuwa na pengo begani. Msichana wa maua hakupakwa rangi nyuma hata kidogo, mweupe tu kama sahani. Na bwana wa dansi alikuwa na ufa uliotoka shingoni ukashuka hadi kiunoni, umezibwa kwa gundi iliyogeuka rangi ya chai. Pindo la koti lake halikuwa kauri. Lilikuwa plasta iliyopakwa rangi, na rangi yenyewe ilianza kubambuka.

Bi Mwanatumu alikuwa bado kwenye mswala, tasbihi mkononi.

"Mkwe wangu," alisema, "huyu bwana wa hapa kati kapigwa na nini mgongoni?"

Mzee Hemedi alikaa kitini. "Pengine Fikirini hakujua," akasema.

"Nasikia kakuapia kwa jina la Mungu. Juu ya kitu ambacho hakukigeuza? Basi ni mjinga. Na kama alikigeuza, ni mwongo. Mjukuu wangu unampa yupi kati ya hao wawili?"

Mzee Hemedi aligeukia mlango wa uani. Akamwita Riziki.

"Ulikuwa unajua, mwanangu?"

"Mimi ndiye ninayewapangusa vumbi, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Riziki, na safari hii hakuinamisha kichwa. "Sijakuona ukifurahi vile tangu nizaliwe."

Neno lile lilimchoma Mzee Hemedi kuliko ufa wenyewe. Aliona kwamba mtoto wake alikuwa radhi kuingia nyumba asiyoiamini ili yeye apate vidole viwili vya kauri vinavyogusana. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kuiweka.

Wazee wa Fikirini walipofika walipewa kahawa na halua, wakaambiwa kwa adabu zote kuwa bado tunauliza. Mzee Hemedi hakumtuma shemeji yake. Alikwenda Pangani mwenyewe. Hakuwa na haja hata ya kumaliza mtaa mmoja. Fikirini, aliyesema hajapata kuoa, alikuwa na mke na mtoto mchanga. Mke alikuwa amerudishwa kwa wazazi wake, hakuachwa wala hakuwekwa, na aliambiwa mumewe yuko safarini akitafuta riziki.

Fikirini alipoitwa hakukana. Alisema hayo yangerekebishika, kisha akaongeza kwa upole, "Hata ukinikatalia, mzee, bwana abaki. Ni zawadi. Utawatenganishaje tena?"

Alijua pa kugusa, yule kijana. Mzee Hemedi alisimama mbele ya shubaka kwa muda mrefu hata Bi Zaituni akadhani atashindwa. Kisha alimshika bwana kiunoni, akamtoa polepole mpaka vidole vikaachana, akamlaza kwenye pamba yake na kumkabidhi mwenyewe.

"Nilimtazama uso, nikamtazama alama," alisema. "Nawe nilikutazama hivyo hivyo. Mgongo wako ulikuwa Pangani, na mimi sikwenda kuuliza."

Mkono wa bibi ukabaki hewani kama zamani. Ilimuuma, wala msidhani haikumuuma. Kwa siku nyingi alikula akiwa amelipa shubaka kisogo. Watu waliokuja kumpa pole kwa posa iliyovunjika aliwaambia maneno yale yale ya kuuliza mgongo, nao wakayabeba sokoni na stesheni, mpaka yakawa ya mji mzima.

Baadaye alikuja mposaji mwingine, fundi wa reli, mikono mitupu, kanzu yake imekunjamana kwa safari. Mzee Hemedi hakumkaribisha hata maji.

"Mgongo wako uko wapi?" aliuliza.

"Mnyuzi, mzee," alijibu yule fundi. "Ukishuka stesheni muulizie mama muuza maandazi. Atakwambia nina hasira za karibu, na kwamba niligombana na kaka yangu tukapatana. Mengine ataongeza mwenyewe."

Mzee Hemedi alipanda treni akaenda Mnyuzi. Aliporudi, alimwoza bintiye.

Mama Mbwana aliishia hapo, akaokota nguo yake na kutafuta tundu la sindano. Kutoka uani ikasikika sauti ya mumewe, mzee mwenye kikohozi.

"Riziki! Maji ya chai yanakauka huku, au mpaka nipige king'ora?"

Wasichana wakatazamana. Tangu waanze kujifunza pale walimjua kwa jina la Mama Mbwana tu, wala hakuna aliyewahi kuwaza kwamba alikuwa na jina kabla ya kumzaa Mbwana.

"Mama," alisema Tumu taratibu, "ile kanga, Ijumaa na jua lile, ilikuwaje mbichi?"

"Ilikuwa chafu," alisema Mama Mbwana, na uzi ukapita kwenye tundu.

Salha hakucheka na wenzake. Aliitazama ile picha tena, suti na tabasamu.

"Kwao ni Lushoto, karibu na soko," alisema.

"Basi mwambie mjomba wako kesho apande basi," alisema Mama Mbwana akiinuka kwenda kuitazama chai. "Uzuri wa sanamu, uulize mgongo."