Ukuta wa Kutani na Mwanahawa

Ukuta wa ndugu hauna nje. Leo mmemsikia shangazi yenu akiwaambia maneno hayo wale mabwana wawili ndugu waliokuwa wakitupiana lawama, wakanyamaza ghafla, nanyi mkauliza yametoka wapi. Basi sikilizeni, wanangu, methali hii ilianza hivi.

Kisiwani Pate, zamani hizo, baba akipata binti alianza kuchoma chokaa ya kujengea. Binti hakuozwa mpaka awe na nyumba yake. Mzee Shekuwe alijaliwa mabinti wawili, Kutani na Mwanahawa, na kwa kuwa hakutaka waachane, aliwajengea nyumba pacha. Ukisimama njiani uliona milango miwili iliyolingana kwa kimo na kwa nakshi, kila mmoja na baraza zake. Ndani, vyumba vya huku vilikuwa kama vya kule: zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa zidaka, boriti kwa boriti. Katikati ulipita ukuta mmoja mnene wa matumbawe, na boriti za nyumba zote mbili ziliegemea hapo. Juu, paa moja bapa la chokaa lilifunika pande zote.

Kwa miaka mingi ndugu hao waliishi vizuri. Kutani akipika mkate wa sinia, nusu ilivuka. Mwanahawa akiugua, Kutani ndiye aliyemkanda. Kisha mvua za mwaka mmoja zikaja kubwa, na doa la maji likatokea ukutani, kwenye chumba cha ndani cha Kutani.

"Mwambieni Mwanahawa atengeneze upande wake," alisema Kutani. "Kwangu kuko sawa. Maji yanatoka nje."

Mwanahawa naye alikuwa na doa. Aliposikia hayo alichomwa moyo, akajibu, "Mwambieni dada, nje ni kwake."

Maneno yakabebwa na watu, na kila mbebaji akayatia chumvi. Miaka miwili ikapita bila salamu. Kutani akatundika mkeka wa rangi kulifunika lile doa, akawa anapita mbele ya mlango wa mdogo wake ameukaza uso. Lakini akisikia kikohozi cha mdogo wake upande wa pili, aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza mpaka kitulie.

Ikafika harusi ya Rukia, bintiye Kutani. Bibi harusi angekaa chumba cha ndani, na doa lilikuwa limeshauzidi mkeka. Kutani akamwita Fundi Mbwarahaji.

Fundi akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Ukaitika kama mtungi mtupu.

"Bi Kutani, nikipaka hapa, plasta itaanguka fungate haijaisha. Maji yanaingia kwingine."

"Yanatoka nje, fundi. Nimesema tangu mwanzo. Kaanze huko nje."

"Sawa. Nipeleke."

Kutani akamtoa mpaka njiani. Wakatazama: mlango huu, mlango ule, na uso mmoja mweupe wa nyumba. Ukuta haukuonekana. Wakazunguka nyuma, vivyo hivyo. Wakapanda juu ya paa, na ukuta ulikuwa chini ya nyayo zao, umefunikwa.

"Sasa, nje yake iko wapi?" akauliza Kutani.

Fundi akajibu kwa upole, "Upande wa pili ni chumba cha Bi Mwanahawa, kitanda chake kimeegemea pale. Kule nako ni ndani. Bibi, ukuta huu hauna nje."

Jua lilimchoma Kutani utosini. Alijiona mdogo. Kisha akashuka, akajitanda buibui lake vizuri, akaenda mlango wa jirani.

"Hodi."

Kikohozi kikasikika. Halafu sauti, nyembamba kuliko alivyoikumbuka: "Karibu."

Chumbani alikuta mkeka umetundikwa mahali pale pale alipotundika wake, na chini yake bakuli la kukingia matone.

Mwanahawa akainua kidevu. "Dada, umekuja kuuona uchafu wangu?"

"La, mdogo wangu," Kutani akasema. "Nimekuja kuuona wetu."

Mwanahawa akaangua kilio, naye Kutani akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, kama alivyozoea walipokuwa watoto.

Kesho yake fundi aliufukua ufa, mwembamba kama kidole, paani, juu ya ukuta, katikati kabisa. Hakuna aliyeweza kusema ni wa nani. Wanawake wa nyumba zote mbili wakapanda paani na vijiti kuipiga chokaa mpya ishikane, kwa nyimbo, siku tatu. Mwanahawa alipaza sauti kuliko wote, akikohoa na kucheka. Rukia akaolewa katika chumba kikavu, shangazi na mama wadogo wakiwa wamejaa kwenye milango yote miwili.

Tangu hapo, ndugu wakigombana Pate, kila mmoja akisema kosa liko kwa mwenzake, atatokea mtu awaulize, "Kwa mwenzako ndiko wapi?" Nao huinamisha vichwa, kwani wanajua jibu: ukuta wa ndugu hauna nje.