Mchuzi wa Bwana Mbaruku

Sifa haiungi mchuzi. Ndiyo, nimesema, na nitasema tena. Mmerudi kutoka duka jipya la faluda mmenuna, mnalalamika kwamba kwenye simu lilisifiwa na mji mzima, kumbe faluda yenyewe kama maji ya sabuni. Nimewatupia hayo maneno, sasa mnataka kujua nimeyatoa wapi. Haya, wekeni simu chini, msogee. Methali hii ilizaliwa Tanga, mtaa wa Ngamiani, enzi za gari moshi la mkonge, na aliyeizaa hakuwa mpishi. Alikuwa fundi cherehani.

Jina lake Bi. Mwanamkasi. Mjane, mfupi, na ulimi wake haukuwa na kufuli. Alishona katika chumba cha mbele cha nyumba ya Bwana Mbaruku, na kodi alikuwa akilipa. Chumba kile ndicho kilichomlisha, maana mlango wake ulitazama njia ya sokoni. Mwanamke akitoka kununua doti ya kanga au kitambaa cha gauni, kwanza anamwona Bi. Mwanamkasi.

Lakini huyu mama alikuwa na ugonjwa wake: alipenda kula hoteli. Jumapili akishavaa buibui, anafunga chumba, anakwenda kuonja kwa watu. Leo yuko kwa Mmanga anakunywa kahawa chungu na kashata, Jumapili nyingine yuko nyuma ya soko anakula kaimati, nyingine anakwenda mpaka stesheni. Kizuri alikisifu mpaka mwenyewe aone haya. Kibaya alikiita kibaya. Yule kijana wa chapati za stesheni aliambiwa usoni, "Mwanangu, chapati hizi nikizipeleka kwa fundi viatu atanishukuru." Kijana alinuna wee, kisha akajifunza kukanda unga. Ikawa mtu wa Ngamiani haingii mkahawa mgeni mpaka amwulize, "Bi. Mwanamkasi, pale vipi?"

Basi Bwana Mbaruku naye akafungua hoteli, ng'ambo ya njia. Hoteli kweli! Meza za marumaru, vioo ukutani, feni juu. Jikoni, sasa, ndiko kulikokuwa na mambo. Bwana Mbaruku hakupenda wapishi wapoteze asubuhi wakikuna nazi. Akaamuru nazi zikunwe jioni, tui likamuliwe, lilale, kukicha lipikiwe. Enyi, tui la nazi linalazwa? Kwa joto la Tanga?

Akajua ladha haitamtetea, akatafuta wa kumtetea. Akamwajiri Kitwana, mpambe wa maharusini, yule ambaye akimsifu bibi harusi hata mwenye chongo anaonekana mwezi. Kazi yake sasa ikawa kusimama mlangoni na kuimba sifa za mchuzi wa nguru wa hoteli. Siku ya kufungua, Bwana Mbaruku akaalika mtaa mzima wale bure.

Hapo aliwapata watu, maana kwetu chakula hakitukanwi. Mgeni akikaribishwa, awe amepewa pilau au ukoko, anakula, anasema alhamdulillahi, ananawa. Kukosoa cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Basi watu wakala mchuzi uliochacha, wakatazamana kwa pembe za macho, wakanyamaza. Kitwana anaimba, "Mchuzi huu, hata aliyekufa angeamka!" Wao wanaitikia.

Bwana Mbaruku akaona haitoshi. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Bi. Mwanamkasi, wewe ndiye ulimi wa mtaa. Hebu waambie watu, mchuzi umeuonaje?"

"Mimi leo mgeni wako, Bwana Mbaruku. Mgeni hula akashukuru. Nimeshukuru."

"Kushukuru kila mtu ameshukuru. Wewe sifu."

"Niache, baba. Usinilazimishe."

"Sifu, bibi," akasema, na tabasamu likamtoka. "Au kile chumba changu umekichoka?"

Watu wakaacha kutafuna. Bi. Mwanamkasi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kutishwa, yeye! Mbele za watu, kwa sababu ya mchuzi! Akafungua fundo la kanga yake, akatoa hela, akaziweka juu ya ile marumaru.

"Za nini hizo?" Bwana Mbaruku akauliza.

"Bei ya sahani yangu. Sasa mimi si mgeni, ni mteja. Mgeni hakosoi, lakini mteja husema. Mchuzi wako umechacha. Tui mmelilaza, asubuhi mkalimwagia binzari tele lisinuke. Na kila aliyekaa humu anajua."

"Kitwana!" Bwana Mbaruku akapiga kelele. "Imba!"

Kitwana akaimba, jasho linamtiririka, mishipa ya shingo imemsimama. Bi. Mwanamkasi akamsubiri mpaka alipovuta pumzi.

"Imba, mwanangu. Imba mpaka koo likukauke. Sifa haiungi mchuzi."

"Kesho nakitaka chumba changu!" Bwana Mbaruku akafoka.

"Kesho ya nini? Natoka leo."

Na akatoka. Alijitwika cherehani kichwani mwenyewe, mchana kweupe, akapita nayo mbele ya mlango wa hoteli bila kugeuza shingo. Alikwenda kuomba sehemu kwenye kibaraza cha Bi. Mwantumu, muuza mbaazi na mahamri, papo hapo jirani na hoteli. Aliumia, tusidanganyane. Kibarazani vumbi lilimwingia kwenye vitambaa, na wateja wengine walimkimbia wakiogopa kumuudhi Bwana Mbaruku. Walikuwepo waliosema, "Mdomo umemponza. Angesifu tu, angepungukiwa nini?" Aliwasikia, akaendelea kushona.

Hoteli nayo ilikuwa na watu, msidhani. Wageni walioshuka gari moshi walivutwa na sauti ya Kitwana, wakaingia. Ila aliyeingia leo, kesho humwoni. Siku moja Kitwana, baada ya kuimba asubuhi nzima, akateleza kwa nyuma mpaka kwa Bi. Mwantumu. Akakutwa na watu wa sokoni ameinamia sahani ya mbaazi, hamri mkononi, anakula kama aliyetoka kufunga. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega! Msifu mchuzi anakula kwa jirani! Kutoka siku hiyo, akiimba mlangoni, watoto wanamwitikia, "Na mbaazi je?"

Masika yakaingia. Mvua ilipiga upande, na Bi. Mwanamkasi akawa anafunika gauni la harusi la watu kwa mgongo wake mwenyewe. Ndipo Bwana Mbaruku alipokuja kibarazani, mkono mmoja ufunguo, mkono mwingine bakuli. Kitwana yuko nyuma yake.

"Bi. Mwanamkasi, yaishe. Ufunguo wa chumba huu hapa. Nataka neno moja tu zuri, watu wasikie."

Bi. Mwanamkasi akautazama ule ufunguo. Aliutaka, Mungu shahidi. Watu waliokuwa wamejikinga mvua wakasogea wasikie. Akapokea bakuli, akaonja, akalirudisha.

"Bado."

"Neno moja tu! Litakugharimu nini?"

"Bwana Mbaruku, wewe mwenyewe umewahi kuula mchuzi huu?"

Kila mtu alijua kwamba adhuhuri chakula cha Bwana Mbaruku huletwa kutoka nyumbani, kimepikwa na mkewe, kimefunikwa kwa kawa.

"Onja," Bi. Mwanamkasi akamwambia.

Macho yote kwake, angekwenda wapi? Akapiga funda. Akajaribu kumeza, likakataa. Akageuka, akatema mtaroni, akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu. Kitwana alikuwa amekwisha kufungua kinywa aimbe. Akakifunga polepole.

Bwana Mbaruku akaunyoosha tena ule ufunguo, safari hii bila neno. Bi. Mwanamkasi akausukuma kando, akalivuta gauni lililolowa, akazungusha mkono wa cherehani.

"Peleka kwanza tui bichi jikoni," akasema. "Sifa haiungi mchuzi."