Taa Iliyoitwa Naetwe

Taa isiyowaka ndiyo ya kuogopa. Hivyo nilisema mezani Jumapili, baada ya binti yangu kujisifu kwamba mwanawe Mbazi, aliyeko kazini Mtwara, hana shida yoyote kwa sababu mwezi mzima hajapiga simu kulalamika. Wajukuu wangu wengine wawili, Elinami na dada yake Tumsifu, wakaacha kula. Elinami ni mtu asiyemeza neno mpaka alikague. Akaniuliza, "Bibi, hiyo methali umeitoa wapi? Shuleni hatujaisoma."

Hamwezi kuisoma shuleni, nikawaambia. Wahenga wa vitabuni hawaijui. Ilizaliwa kwenye gari la baba yangu, nami nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, kwa hiyo sogeeni niwape habari zake tangu mwanzo.

Baba yangu, Mzee Mbonea, alikuwa na gari dogo la dizeli, refu mgongoni, lililofika kwetu Usangi likiwa limeshazeeka. Alilipata kwa mtu aliyechoka kulisukuma. Siku zile milimani kwetu magari yalikuwa ya kutafuta, basi gari la baba likawa la watu wote. Lilishusha wagonjwa Mwanga, likapandisha mabati na saruji, na Jumamosi likaoshwa likapambwa maua kubeba maharusi, ingawa ndani lilinuka kahawa mbichi na mbuzi.

Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala mpaka mlangoni, baba aligeuza ufunguo nusu, ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, naye akaweka mikono mapajani akangoja. Injini ya dizeli ya zamani haiamshwi kwa pupa. Lazima ipashwe moto kwanza, na taa ile ikizima ndipo unapiga stata. Ukiwa na haraka utamaliza betri na gari litakutazama tu. Mama alitoka jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi, akampa baba kupitia dirishani, akasimama pale pale kanga begani mpaka gari liwake. Sijui walikuwa wakizungumza nini. Hadi leo nikisikia harufu ya dizeli asubuhi ya baridi nawaona wote wawili, na moyo unaniuma.

Taa za dashibodi baba alizipa majina ya watu wa nyumbani. Ile ya chungwa, ya kungojewa, aliiita Mama Watoto. Nyekundu ya chaji, iliyowaka na kuzima kila tulipopita kwenye shimo, aliiita Nakiete, yaani mimi. Sikuona vibaya, maana ilinifaa. Uji ukipoa nilisema, kiatu kikinibana nilisema, na siku nisiyoonewa na mtu nilitafuta la kusema. Ya tatu ilikuwa ya oili. Hiyo ilikaa kimya pembeni miaka yote, nayo ikaitwa Naetwe, jina la dada yangu mkubwa.

"Naetwe wangu hana neno," baba alipenda kusema, akikigusa kioo cha taa ile kwa kidole. "Nakiete ndiye atakayeniua."

Dada yangu alikuwa hivyo kweli. Alichota maji, akakamua ng'ombe, akaimba sauti ya pili kanisani, na ukimuuliza habari zake alijibu njema. Mimi nikiumwa kichwa kijiji kizima kilijua. Yeye alipovunjika kidole tuligundua baada ya kuona amekifunga kitambaa. Watu walimsifu, na wazazi wakajisifu kwamba kwa huyu Mungu aliwapumzisha.

Akaja mchumba kutoka Chome, kule Pare ya kusini. Aliitwa Kajiru, mwenye duka la vitambaa, mtu mwema, sitamsingizia. Wazee wake walipokuja kuposa, Shangazi, dada mkubwa wa baba, alimwita Naetwe mbele ya wageni akamuuliza kama ilivyo desturi, "Hawa watu unawajua? Tupokee walichokuja nacho?" Naetwe akainamisha kichwa. Enzi zile msichana akinyamaza amekubali, na anayejibu upesi ndiye anayesemwa visimani. Shangazi akatangaza kuwa kimya ni ridhaa, vigelegele vikapigwa, na mbuzi akapelekwa nyuma ya nyumba.

Likabaki jambo moja. Baba yake Kajiru alikuwa haamki kitandani kwa ugonjwa wa miguu, akaomba aletewe binti amwone na kumbariki. Kwa wazee wale baraka hiyo ndiyo ilikuwa fundo la mwisho. Akishamwekea mkono kichwani, hakuna tena wa kurudisha neno, na siku ya harusi ni kutajwa tu. Hivyo baba akaliosha gari, Shangazi akakaa mbele kama mkubwa wa safari, mimi na Naetwe tukakaa nyuma, katikati yetu mkungu wa ndizi na kuku wa zawadi.

Tuliteremka mlima salama. Tulipopita Lembeni, taa ya chaji ikawaka, na safari hii haikuzima. "Nakiete huyo," baba akasema, "hawezi kuniacha nifike kwa wakwe na heshima yangu." Nami nyuma nikajibu kwamba mimi sijasema kitu. Shangazi akaniambia ninyamaze nimwige dada yangu. Nilimtazama Naetwe nicheke naye, lakini alikuwa amegeukia dirishani, mkono wake juu ya kuku, akimpapasa manyoya kana kwamba kuku ndiye mwenye hofu.

Pale Same tuliingia kwa Fundi Mchomvu. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi, aliyejifunza kazi kwenye mitambo ya mkonge na hakumwacha mteja asahau hilo. Alifungua boneti, akaubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, akacheka. Mkanda ulikuwa umelegea, hauzungushi chaji vizuri. Akaukaza kwa muda mfupi huku anatusimulia mitambo ya mkonge. Baba akawa anashika mlango tuondoke.

"Taratibu, mzee," fundi akasema. "Gari likiingia kwangu silitoi kabla sijazitazama taa zake." Akageuza ufunguo bila kupiga stata. Ikawaka ya chungwa, ikawaka ya chaji. Akaendelea kutazama. "Na ya oili?"

"Hiyo haina matatizo," baba akasema kwa fahari. "Tangu nilinunue gari hili haijawaka hata mara moja." Akamsimulia majina yote matatu, akamwonyesha na wenye majina kiti cha nyuma.

Fundi hakucheka. Alirudi kwenye injini, akachomoa waya wa oili, akaugusisha kwenye chuma. "Tazama sasa. Imewaka?"

"Hapana."

"Ilipaswa kuwaka. Basi balbu imeungua. Huyo Naetwe wako alikufa zamani, mzee, na wewe unamsifu kwa utulivu."

Shangazi akamwambia afunge kinywa, asimtaje mtoto wa watu kwa kifo siku ya heri. Fundi akamwomba radhi, lakini alikuwa tayari ameshachomoa kijiti cha kupimia oili. Alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akampa baba akishike mwenyewe. Ncha tu ndiyo ilikuwa na unyevu. Oili ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwenye chujio, siku baada ya siku, na taa ya kutupa habari haikuwa na uhai.

"Mngeanza kupanda mlima wa Chome kutoka Makanya," fundi akasema, "injini ingekwama kwenye kona ya kwanza yenye maana. Na injini ya dizeli ikikwama kwa kukosa oili, mzee, huwa hatuitengenezi. Tunaizika."

Alibadilisha chujio, akajaza oili, kisha akachukua balbu ya taa ndogo ya dashibodi inayoonyesha mwanga mkali wa mbele, akaipachika kwenye ile ya oili. Akageuza ufunguo. Kwa mara ya kwanza tukaiona, nyekundu, ikiwaka pembeni ilipokuwa kimya miaka yote. Akapiga stata, injini ikanguruma, taa ikazima.

"Umeona? Kwanza iwake, ndipo izime. Iliyowaka ikazima imekuambia mambo ni mazuri. Isiyowaka kabisa haijakuambia kitu. Miaka yote unagombana na hii ya chaji inayopiga kelele. Taa isiyowaka ndiyo ya kuogopa."

Baba alipenyeza mkono dirishani akazima gari. Hakuingia. Alisimama pale, oili ya kile kijiti bado mkononi, akamtazama dada yangu kupitia kioo cha mlango wa nyuma kwa muda mrefu. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Naetwe, teremka kidogo mwanangu."

Shangazi akageuka. "Mbonea, jua linapanda. Mgonjwa anatungoja."

"Najua, dada."

Wakasimama karibu na ukuta wa karakana, mimi nikiwa nimetoa kichwa dirishani, maana sikuumbwa kukosa jambo. Baba akasema, "Ulipoulizwa siku ile, uliinama. Mimi baba yako sijawahi kukuuliza. Nakuuliza sasa. Unataka kuolewa Chome?"

Naetwe akainamisha kichwa, kama siku ile.

"Si unaona," Shangazi akasema. "Kimya ni ridhaa. Twende."

Baba aliweka mikono nyuma akangoja. Ninyi hamkumjua baba yangu akingoja. Alingoja kama alivyongoja asubuhi za Julai, bila kugusa kitu, bila kuguna, macho yake kwenye kile kitu kidogo kinachopata moto polepole. Shangazi alipumua kwa nguvu. Fundi Mchomvu alikuwa akifuta spana moja tena na tena. Mimi nilikuwa naogopa.

"Sitaki, baba," Naetwe akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kuna baya alilokufanyia?"

"Hapana. Ni mtu mwema. Lakini sitaki kuishi naye."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Shangazi aliponiuliza niliinama ili nifikiri. Nilipoinua kichwa vigelegele vilikuwa vimeshapigwa."

Baba alifunika macho kwa mkono wenye oili, na alipouondoa alikuwa na doa jeusi kwenye paji la uso. Hakulifuta. Alimshika dada yangu bega, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakusifu." Nikalia mimi, kama kawaida yangu, kwa sauti. Naetwe akaja dirishani akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, kana kwamba mimi ndiye niliyenusurika.

Hatukurudi nyumbani. Baba alisema mgonjwa anayetungoja hawezi kuachwa akitazama njia mpaka usiku. Tulipanda Chome, na gari likapanda vizuri kuliko siku zote. Baba akaingia peke yake kwa yule mzee, bado ana doa usoni, akamweleza kila kitu, pamoja na habari ya taa. Tuliokaa nje tulisubiri kufukuzwa. Baadaye tukaitwa ndani. Mzee alikuwa amelala ubavu, mwembamba, macho makali. Akamwambia Naetwe asogee, akamshika mkono tu, kichwa hakukigusa. "Mwanangu Kajiru ataumia," akasema, "lakini afadhali aumizwe na neno moja leo kuliko na kimya miaka yote." Ndizi na kuku akapokea. Kajiru mwenyewe alitusindikiza mpaka njiani, akampa baba mkono, na baadaye alioa msichana wa Suji akapata watoto wengi.

Shangazi hakumsemesha baba mpaka msimu wa kahawa ulipoisha. Lakini nawaambieni, yeye ndiye aliyeieneza methali hii Usangi nzima. Kila alipoitwa kumuuliza msichana mbele ya wageni, aliwainulia mkono wanawake wenye vigelegele na kuwaambia, "Ngojeni kwanza. Taa isiyowaka ndiyo ya kuogopa." Wasiojua habari ya gari walidhani ni maneno ya mababu.

Naetwe aliolewa baadaye, kwa hiari yake, na mwalimu wa kwaya aliyejua kungoja. Na baba, mpaka anaingia kaburini, kila alipomkuta dada yangu alimuuliza, "Unasemaje, Naetwe?" kisha akaweka mikono nyuma. Wakati mwingine alijibiwa njema tu. Lakini ilikuwa njema iliyoulizwa. Wote wameshatangulia. Gari limebaki mifupa nyuma ya nyumba, kuku wangu wanataga penye kiti cha Shangazi, na ufunguo wake ndio ule unaoning'inia jikoni kwangu, mnaoniuliza kila likizo ni wa mlango gani.

Nilipofika hapo Tumsifu alikuwa ameshainuka kuchukua simu. Akampigia Mbazi, akaiweka katikati ya meza wote tusikie. Mbazi akaitikia haraka. Hajambo. Kazi nzuri. Yupo tu. Mama yake akatabasamu kunionyesha kwamba alisema kweli, akanyoosha mkono akate.

Nikaushika mkono wake.

"Mbazi," nikasema, "ni mimi bibi yako. Unasemaje, mjukuu wangu?"

"Nzuri, bibi."

Nikaweka mikono mapajani nikangoja. Wenzangu mezani nao wakangoja. Chai ikapoa. Kule Mtwara tulisikia mtu akivuta pumzi, kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa taratibu.

"Bibi," Mbazi akasema, na sauti ilikuwa nyingine, "mama yupo hapo karibu? Nina jambo la kumwambia."

Binti yangu akaisogeza simu kwake kwa mikono miwili. Elinami alinitazama, wala hakuuliza tena. Taa isiyowaka ndiyo ya kuogopa.