Kanga Iliyochuja Rangi

Wapendwa, leo nitawapeleka kwenye taarab. Wanaoipenda watanielewa haraka, na wasioipenda watajifanya hawaijui. Msinitazame hivyo, hata mchungaji ana majirani wenye spika.

Kulikuwa na mama mmoja aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake. Alimbeba mgongoni akizunguka na vitumbua vyake juani, mpaka binti akakua, akawa mwimbaji wa kuitwa kila harusi. Siku moja mama akaenda kumsikiliza. Kakaa mbele kabisa, kajitanda vizuri, moyo umemjaa. Binti akashika kipaza sauti:

*Kanga yangu imechuja, rangi haionekani.*

Mnazijua harusi zetu. Wimbo hautaji jina, lakini wanawake watamtafuta mwenyewe kwa macho. Mama yule alikuwa amezeeka, uso umekunjamana. Basi akainuka jirani mmoja kwenda kumtunza mwimbaji, noti kaipeperusha juu, shingo kaigeuzia kwa mama. Watu wakacheka. Mama akachukua viatu vyake, akatoka.

Asubuhi binti akapiga hodi. Mlango haukufunguliwa.

"Mama mdogo, nimekukosea nini?"

"Nenda katafute kanga mpya. Mimi si nimechuja? Umewatangazia watu wote."

"Kwani ulikaa mpaka ubeti wa mwisho?"

Binti akaimba palepale mlangoni, bila kinanda wala ngoma:

*Rangi imebaki kwangu, kwa kubebwa mgongoni.*

Komeo likafunguka. Mama analia, mkono bado uko mlangoni. "Sasa mbona hukuanza na huo, mwanangu?"

"Nilitaka kwanza waione kanga, mama, ndipo wajiulize rangi yake imekwenda wapi."

Haya, sisi je? Ni mara ngapi tumebeba viatu vyetu kwenye ubeti wa kwanza? Ugonjwa umeingia, kazi imekatika, tunasema Mungu ametuaibisha mbele ya watu, tunajifungia ndani. Wimbo wenyewe haujaisha.

Lakini ngojeni. Nawaona mnatikisa vichwa, kila mmoja anajiona ni yule mama. Hapana, ndugu zangu. Wengi wetu humu ni yule binti, ila ubeti wa mwisho hatujauimba. Umependeza leo, umesoma, una afya, una watoto. Hiyo rangi umeitoa wapi? Yupo mtu aliyechuja ili wewe ung'ae. Mimi wangu namjua, na nikimkumbuka nashukuru.

Kama wako yu hai, ukitoka hapa usikimbilie chakula. Nenda kambishie hodi, umwimbie, hata kama sauti yako ni mbaya kama yangu. Na kama ametangulia, mwimbie Mungu aliyekupa mgongo ule.