Tulizo na Kibuyu cha Nasoro

“Ng’ombe mwenye jina harudi mnadani.” Ndivyo alivyowaambia yule muuza redio, sivyo? Aliapa kuwa redio ni mpya, mkafika nayo nyumbani mkakuta ndani imeungwaungwa, mkairudisha, naye akawatolea methali huku anafuta vumbi mezani kwake. Nanyi mkarudi mmenuna, hata salamu mmeisahau. Haya, kaeni. Wewe toa kiatu kwenye mkeka wangu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, upande wa Kondoa, alikuwapo mjane mmoja akiitwa Bi Mwasiti. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alifariki siku chache baada ya kujifungua, akamwachia mama yake mtoto mchanga wa kiume, Idi. Kijijini hakukuwa na mwanamke wa kumnyonyesha mtoto wa mwenzake. Basi Bi Mwasiti akawa anaomba maziwa ya ng’ombe nyumba hii na nyumba ile. Watu hawakumnyima, Mungu awalipe, lakini maziwa ya kuomba hayana uhakika. Leo yapo, kesho ndama wa wenyewe kayamaliza. Bibi alimbeba mjukuu mgongoni kila siku, na kila siku alimwona mwepesi zaidi. Hilo lilimtia hofu kuliko hata msiba wenyewe.

Akakata shauri. Mbuzi wake wote, mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, angewabadilisha kwa ng’ombe mmoja wa maziwa. Akambeba mtoto, akawaswaga mbuzi hadi mnadani.

Kule mnadani alikuwapo mchuuzi wa ng’ombe, jina lake Nasoro. Huyu bwana alikuwa na maneno! Angeweza kumuuzia kipofu kioo. Lakini alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Ukimkasirikia asubuhi, jioni unakula naye. Alikuwa na ng’ombe mwekundu mwenye ndama, kiwele kimejaa mpaka mnyama anatembea kwa kutanua miguu.

Sasa mjue desturi ya siku hizo. Ng’ombe hakukamuliwa hadharani mnadani, kwa kuogopa kijicho. Mnunuzi alitazama kiwele, akasikiliza neno la mwenye mali, basi. Kati ya waaminifu ilikuwa desturi nzuri tu.

Nasoro akamsifu mnyama wake mbele ya watu waliosimama pale. Alisema ni bibi harusi, hata mwendo wake ni wa maringo. Bi Mwasiti akamwambia kwamba maringo hayanywiki, yeye ana mtoto wa kulea, amweleze habari ya maziwa. Nasoro akainua kibuyu chake juu, kila mtu akakiona. “Mama,” akasema, “hiki anakijaza asubuhi, na jioni anakijaza tena.” Bi Mwasiti akawatoa mbuzi wake wote.

Jioni ile kibuyu cha Bi Mwasiti kilijaa kweli. Idi alikunywa mpaka akalala mdomo wazi, na bibi yake akalia kwa furaha. Asubuhi akakamua, akapata maziwa ya kufunika sehemu ya chini ya bakuli tu. Jioni hivyo hivyo. Siku iliyofuata, vile vile.

Majirani wakaja kutazama, wakatikisa vichwa. Wakamwambia kwamba ng’ombe huyu alikaa bila kukamuliwa kabla ya mnada, na ndama wake akafungwa mbali, ili kiwele kivimbe. Wakamsihi amrudishe upesi, kabla hajampa jina. Maana kwa watu wa kule, ng’ombe wa kununua alipakwa siagi kwenye paji la uso na kuitwa jina, na tangu hapo alikuwa wa nyumbani. Kumrudisha baada ya hapo ilikuwa kama kumnadi mwanao sokoni.

Bi Mwasiti aliyajua yote hayo. Asubuhi akamlaza Idi kwenye mkeka uani, akaenda kumfungua ng’ombe ampeleke. Mtoto akalia kwa njaa. Kabla bibi hajageuka, yule ng’ombe akasogea, akainamisha kichwa, akamlamba mtoto utosini. Idi akanyamaza. Akamlamba tena, mtoto akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu azaliwe.

Bi Mwasiti akasimama na kamba mkononi. Halafu, jamani, moyo wa binadamu! Akaingia ndani akatoka na siagi, akampaka ng’ombe usoni, akamwita Tulizo. Alijua maziwa hayapo, na bado akampa jina.

Lakini kulambwa si chakula. Haikupita siku mbili mtoto akawa hana hata nguvu ya kulia. Ndipo Bi Mwasiti akaona aibu si kitu, akambeba mtoto, akamvuta Tulizo mpaka barazani kwa Jumbe Mavura, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua kesi za pale. Nasoro akaitwa, na waliokuwapo mnadani wakaitwa pia.

Nasoro alipoona siagi kwenye paji la Tulizo, akatabasamu. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alisema tu, “Jumbe, ng’ombe mwenye jina harudi mnadani.” Na wazee wakaitikia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jumbe akamwuliza Bi Mwasiti kama alimpa jina kabla au baada ya kuujua udanganyifu. Mwenzangu na mimi pengine tungedanganya hapo. Bi Mwasiti akasema ni baada. Akaeleza habari ya kulambwa na kile kicheko, akaficha uso kwenye kanga. Nasoro akaacha kutabasamu.

Jumbe akasema, “Dada yangu, aliyedanganywa katika biashara ana njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha kitu na kurudishiwa chake. Hiyo umeifunga kwa mkono wako mwenyewe, maana ulijua kasoro ukamkubali.”

Bi Mwasiti akaanza kujifunga mtoto vizuri mgongoni, aondoke. Alidhani yamekwisha.

“Sijamaliza,” Jumbe akasema. “Njia ya pili ni kubaki na kitu, na mwongo akulipe kilichopungua. Hiyo hukuifunga.” Akamgeukia Nasoro. “Ulisema nini mnadani?”

Nasoro akajitetea kwamba kila mchuuzi husifu, na kama sifa ni kosa, basi mnada mzima ufungwe. Wazee wengine wakacheka. Jumbe akakubali kwamba kusema ng’ombe ni bibi harusi ni sifa tu, wala hakuna mpumbavu ambaye angemdai Nasoro harusi. Lakini kuinua kibuyu na kusema kinajaa mara mbili kwa siku si sifa. Hilo ni neno ambalo mtu anatoa mali yake kwa kuliamini, na mashahidi wamelisikia.

Nasoro akasema labda mnyama ameshtuka kwa kubadilisha malisho. Jumbe akamwuliza kwa upole kama ng’ombe huyo alikamuliwa asubuhi ya mnada. Akauliza kama alikamuliwa siku iliyotangulia. Nasoro akatazama pembeni.

“Basi tumwite mkeo,” Jumbe akasema. “Si yeye ndiye anayekamua?”

Hapo Nasoro akashtuka kweli. Mkewe hakujua lolote, aliambiwa ng’ombe wamepelekwa malisho ya mbali, na ulimi wa mama yule ulijulikana wilaya nzima. “Msimwite,” akasema. “Hakukamuliwa. Ndama nilimfunga mimi.”

Jumbe akatoa hukumu. Ng’ombe abaki kwa Bi Mwasiti, kwa kuwa amempa jina. Na kila asubuhi, mpaka mvua za kwanza, Nasoro mwenyewe apeleke kile kile kibuyu alichokiinua, kimejaa, kutoka kwa ng’ombe wake. Asimtume mtu.

Basi kila asubuhi kijiji kikamwona Nasoro anapita na kibuyu begani. Mwanzoni alipita kwa njia ya nyuma. Wanawake kisimani wakamwuliza kama bibi harusi hajambo. Akifika, alikiweka kibuyu mlangoni na kukingoja pembeni bila kutazama mtu. Bi Mwasiti hakumtukana hata siku moja. Alimimina maziwa, akaosha kibuyu, akakirudisha na kipande cha kiazi ndani ya jani, maana alisema mtu aliyetoka alfajiri hajala.

Kile kiazi kilimmaliza Nasoro. Akaanza kukaa kidogo. Akaanza kumshika mtoto. Akamwona Idi anavyonenepa mashavu, anavyomjua, anavyonyoosha mikono akisikia hatua zake. Na mnadani, watu wakaona kitu kigeni. Nasoro alikuwa anamkamua ng’ombe mbele ya mnunuzi, na mwenye kijicho akasirike kwake.

Mvua za kwanza zikanyesha usiku kucha. Asubuhi Bi Mwasiti hakutazamia mtu, akawasha moto taratibu akiwaza atakavyoanza tena kuomba. Akasikia hodi. Nasoro amesimama mlangoni, ameloa chapachapa, kibuyu amekifunika kwa shati lake mwenyewe.

“Kaka Nasoro,” akamwambia, “mvua imenyesha. Deni lako limekwisha.”

Nasoro akamnyooshea kibuyu. “Najua, dada,” akasema. “Lakini mtoto hajui.”

Akaendelea kukileta mpaka Idi alipoweza kwenda kukichukua kwa miguu yake.

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyosema, na ninyi mwambieni muuza redio aisikie yote, siyo ile nusu anayoipenda: ng’ombe mwenye jina harudi mnadani, lakini maziwa yake hudaiwa.